Mvua iliyotabiriwa na mvua iliyonyesha: uchambuzi wa kisa cha bwawa la Wivenhoe, 2011–2022

Saa 9 usiku wa kuamkia tarehe 13 Januari 2011, mto Brisbane ulifika mita 4.46 kwenye kipimo cha katikati ya jiji la Brisbane, Australia. Mafuriko ya 1974 yalikuwa yamefika mita 5.45, na bwawa la Wivenhoe lilikamilishwa katikati ya miaka ya 1980 watu wakiamini kwamba balaa la namna ile halitarudi. Lilirudi, na maelfu ya nyumba na biashara zikaingiwa na maji. Waathirika zaidi ya 6,000 walikwenda mahakamani na swali moja: je, sehemu ya maji yaliyoingia kwao ililetwa na mvua, au na milango ya bwawa iliyochelewa kufunguliwa?

Jaji wa kwanza aliwapa haki waathirika. Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu yake kwa kauli moja. Mvua, milango na wahandisi vilikuwa vilevile katika hukumu zote mbili. Kilichobadilika ni kipimo cha uzembe, na ndiyo sababu kila mamlaka ya maji yenye bwawa la milango inapaswa kukisoma kisa hiki kwa makini.

Bwawa moja, kazi mbili zinazogombana

Wivenhoe linahifadhi maji ya kunywa ya kusini-mashariki mwa jimbo la Queensland, Australia, na wakati huohuo linapunguza mafuriko. Likijaa kwa ajili ya matumizi, maji yako mita 67.0 juu ya usawa wa bahari, na ujazo wake ni mita za ujazo bilioni 1.165. Juu ya hapo kuna nafasi ya bilioni 1.45 nyingine inayoachwa tupu ili ipokee mafuriko. Milango mitano ya chuma, kila mmoja ukiwa na upana wa mita 12, ndiyo inayoamua maji mangapi yatoke. Juu zaidi yake, kwenye mto Stanley unaoingia katika ziwa hilo, kuna bwawa dogo la Somerset linaloendeshwa sambamba na Wivenhoe.

Mambo mawili yanamfunga mikono mwendeshaji. La kwanza ni kwamba chini ya bwawa mto Brisbane hupokea kijito cha Lockyer na mto Bremer, na hakuna mlango wowote wa kuvizuia. Maji ya Wivenhoe yakikutana na kilele cha mito hiyo, mji unapata vyote kwa pamoja. La pili ni usalama wa bwawa lenyewe. Mwaka 2005 uliongezwa mkondo wa dharura wenye kuta tatu za udongo zilizojengwa kusudi zimomonyoke ziwa likizidi kupanda, ili tuta kuu lisipitiwe na maji juu yake. Ya kwanza humomonyoka maji yakifika mita 75.7. Ikishaondoka, hairudishwi kwa kufunga mlango: mji unapokea wimbi jipya ambalo hakuna mtu anayeliongoza.

Mwendeshaji basi ana maamuzi mawili, yote mabaya kwa namna yake. Akimwaga mapema, anaweza kuyafurika makazi kwa maji ambayo pengine yangekaa bwawani bila kumdhuru mtu. Akizuia, anaila nafasi ambayo ataihitaji kesho. Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kubandikwa ukutani katika chumba chochote cha zamu: mita 1,000 za ujazo kwa sekunde kwa muda wa saa 24 ni mita za ujazo milioni 86.4. Kwa Wivenhoe hiyo ni karibu asilimia 6 ya nafasi yote ya mafuriko. Siku mbili za kumwaga kiasi hicho zaidi zingeacha wazi kama asilimia 12. Mabishano yote ya kisayansi mahakamani yalizunguka nafasi ya aina hiyo, ambayo ingeweza kupatikana kati ya tarehe 8 na 10 Januari.

Kumbukumbu ya ukame nayo haikuwa mbali. Mwaka 2007 mabwawa ya eneo hilo yalishuka chini ya asilimia 20 ya ujazo wake. Kumwaga maji ya kunywa kwa sababu ya mvua ambayo bado iko mawinguni halikuwa jambo jepesi kwa yeyote.

Tarehe 6 hadi 11 Januari

Kituo cha uendeshaji wa mafuriko kilianza kazi tarehe 6. Wahandisi wanne walipokezana zamu za saa 12. Kwa kila zamu waliendesha modeli ya mvua na mtiririko kwa njia mbili: moja ikihesabu mvua iliyokwisha kuanguka tu, nyingine ikiongeza mvua iliyotabiriwa na idara ya hali ya hewa, ambayo ilitoa makadirio ya dakio la mabwawa hayo, yaani eneo ambalo mvua yake hutiririkia humo, mara mbili kwa siku.

Milango ilifunguliwa alasiri ya tarehe 7. Asubuhi ya tarehe 8, kama saa 2, ziwa lilivuka mita 68.5. Siku hiyo na nyingi ya siku iliyofuata, umwagaji ulibaki katika mita za ujazo 1,200 hadi 1,400 kwa sekunde. Kiasi hicho kiliacha wazi madaraja mawili ya juu zaidi kati ya madaraja ya chini ya mashambani, lile la Fernvale na lile la Mount Crosby, ambayo huzamishwa na mtiririko unaokaribia 2,000.

Jioni ya tarehe 9 mvua kubwa ilishuka juu ya mabwawa. Tarehe 10 mafuriko ya ghafla yaliua watu Toowoomba na katika bonde la Lockyer. Tarehe 11 mvua kali ilianguka karibu na ziwa lenyewe na kulipandisha kwa kasi. Saa 2 asubuhi wahandisi walihamia hatua ya kulinda bwawa, hatua ambayo umwagaji wake hauna kikomo. Saa 1 jioni ziwa lilifika mita 74.97 na umwagaji ukafika kilele, takriban mita za ujazo 7,464 kwa sekunde, yaani karibu milioni 27 kwa saa. Ukuta wa kwanza wa udongo ulisalimika kwa sentimita 73. Saa 32 baadaye kilele kilikuwa mjini.

Kuna ukweli mmoja ambao haupaswi kufichwa na yaliyofuata. Maji yote yaliyoingia Wivenhoe yalikadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 2.65, karibu mara mbili ya yale ya 1974. Bwawa lilipunguza mafuriko, na kwa kiasi kikubwa. Kesi ilihusu kama lingeweza kupunguza zaidi.

Mwongozo uliokuwa mezani

Wivenhoe na Somerset zilikuwa na mwongozo mmoja ulioidhinishwa na serikali. Toleo lililotumika lilikuwa la saba, la Novemba 2009. Liliorodhesha malengo kwa uzito unaoshuka: usalama wa bwawa kwanza, kisha makazi ya mjini, kisha maisha ya mashambani na madaraja yake, kisha kubaki na ziwa lililojaa mwishoni mwa tukio, na mwisho mimea na wanyama wa kingo za mto. Baada ya kilele, maji ya mafuriko yalipaswa kuondolewa ndani ya siku saba, kwa kuwa dhoruba ya pili inaweza kuifuata ya kwanza.

Malengo hayo yaligeuzwa kuwa hatua nne. W1, chini ya mita 68.5, ilijali zaidi madaraja na kikomo chake kilikuwa mita za ujazo 1,900 kwa sekunde. W2 ilikuwa ya mpito, kikomo 3,500. W3 ilitanguliza kulinda makazi ya mjini, mtiririko wa mto huko Moggill, chini ya bwawa, usizidi 4,000. W4 ilianza pale ziwa lilipotarajiwa kuvuka mita 74.0, na hapo usalama wa bwawa ulitawala kila kitu.

Ugumu umejificha hapo. Kuingia katika W3 au W4 kulitegemea kiwango ambacho ziwa lilitarajiwa kufika, wala si kiwango lilichokuwa nacho saa hiyo. Tena Mwongozo uliagiza kwamba matarajio hayo yafanywe kwa taarifa bora za mvua iliyotabiriwa na mtiririko wa mito zilizopatikana wakati huo. Kwa msomaji wa kawaida, maana yake ni kwamba utabiri wa mvua unaingia kwenye hesabu. Lakini mazoea ya wahandisi yalikuwa kuchagua hatua kwa mvua iliyokwisha kuanguka, huku wakiutazama utabiri kama onyo la kando.

Mazoea hayo hayakuwa ya kijinga. Makadirio ya mvua ya siku kadhaa hukosea kiasi, mahali na saa, na dhoruba inayohama kilomita chache tu inaangusha mvua nje ya dakio. Mhandisi anayemwaga kwa utabiri usiotimia atakuwa ameifurisha mitaa kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo, kama mazoea ndiyo hayo, Mwongozo ulipaswa kuyasema. Karatasi ilisema jambo moja na chumba cha zamu kikafanya jingine, na miaka yote ya mahakamani ilizaliwa na pengo hilo. Kwa maoni yangu kosa la msingi la kisa hiki lilifanyika pale, mezani, kabla tone la kwanza halijaanguka.

Tume, na daftari lisilotaja hatua

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Catherine Holmes ilitoa ripoti ya awali Agosti 2011. Januari 2012 gazeti The Australian lilihoji ni hatua ipi hasa iliyokuwa ikitumika tarehe 8 na 9, na tume ikafungua tena vikao vyake. Kilichoonekana ni kwamba kumbukumbu za wakati ule zilionyesha viwango, mtiririko na milango, ila hazikutaja kwa uwazi, saa kwa saa, ni hatua ipi iliyochaguliwa na kwa nini. Majina ya hatua yalipangwa kwa utaratibu katika ripoti ya wahandisi ya Machi 2011, baada ya tukio.

Ripoti ya mwisho ya Machi 2012 ilisema Mwongozo ulivunjwa tangu asubuhi ya tarehe 8 hadi jioni ya tarehe 9, kwa kuwa wahandisi hawakuwa wakiendesha kwa W3 walipopaswa kufanya hivyo. Watatu walipelekwa kwa chombo cha kuchunguza ufisadi na utovu wa nidhamu, na Agosti 2012 chombo hicho kikawasafisha. Watu waliokesha kulilinda bwawa waliishi miezi kadhaa wakituhumiwa kusema uongo, na mstari mmoja katika daftari, uliojazwa kila lango lilipoguswa, ungeweza kuwaepusha na hayo.

Mahakamani

Kesi ya pamoja ilifunguliwa Julai 2014 katika Mahakama Kuu ya New South Wales, kwa sababu Queensland wakati huo haikuwa na sheria ya kesi za namna hiyo. Mdai kiongozi alikuwa kampuni ya Rodriguez & Sons, yenye duka la vifaa vya michezo. Wadaiwa walikuwa watatu: Seqwater, mamlaka inayomiliki mabwawa; SunWater, iliyopewa mkataba wa kusimamia mafuriko; na serikali ya Queensland. Mgawanyo huo ulitokana na ajira: wahandisi wawili walikuwa wa Seqwater, mmoja wa SunWater, na mmoja wa serikali. Mwajiri hubeba uzembe wa mwajiriwa wake akiwa kazini.

Ngazi za sheria zilikuwa tatu, na kila moja ina mtego wake.

Sheria ya usalama wa maji ya Queensland ya 2008 ilimkinga mwenye bwawa anayefuata mwongozo ulioidhinishwa, kwa jambo alilolifanya kwa uaminifu na bila uzembe. Soma tena maneno hayo mawili ya mwisho. Kinga inayodai kwanza uthibitike kuwa huna uzembe haimwondoi mwenye bwawa kwenye kesi ya uzembe. Nimeona mamlaka zikizitegemea kinga za namna hii kana kwamba ni ukuta, nazo ni mlango usio na komeo.

Sheria ya dhima za madai ya 2003 nayo ilikuwa na vifungu viwili. Cha 22 humlinda mtaalamu aliyetenda kwa namna ambayo, wakati huo, idadi kubwa ya wenzake wanaoheshimika waliikubali kuwa kazi stahiki. Cha 36 kinahusu mamlaka za umma: tendo lao halihesabiwi kosa ila likiwa halina busara kiasi kwamba hakuna mamlaka yenye kazi hizo ambayo ingeweza kuliona kuwa la busara.

Chini ya hayo ulikuwepo ushahidi wa visababishi, ambao kwa kawaida ndio unaogharimu kuliko yote. Mdai hawezi kusema tu kwamba milango ilichelewa. Lazima aonyeshe ratiba mbadala ya milango, ambayo mhandisi mwenye busara angeifuata kwa taarifa za saa ile, bila kutumia alichokijua kesho yake. Ratiba hiyo ipitishwe katika modeli ya ziwa ipatikane umwagaji mpya. Umwagaji uingizwe katika modeli ya mto pamoja na Lockyer na Bremer. Kisha isomwe tofauti ya kina mbele ya mlango wa kila mwathirika. Sentimita 20 ni kitu kidogo kwenye ramani, lakini kwenye sakafu ndizo zinazoamua kama nyumba imelowa au imebaki kavu. Hitilafu katika hatua ya kwanza inasafiri hadi ya mwisho.

Tarehe 29 Novemba 2019, katika hukumu ya kurasa zaidi ya 1,500, Jaji Robert Beech-Jones aliwatia hatiani wadaiwa wote watatu. Alikubali kwamba Mwongozo ulitaka mvua iliyotabiriwa itumike, kwamba wahandisi hawakuitumia ipasavyo, na kwamba maji mengi zaidi yalipaswa kutolewa mapema. Mwaka 2020 dhima iligawanywa: Seqwater asilimia 50, SunWater 30, serikali 20.

Hapo wadaiwa waliachana njia. Serikali na SunWater walikubali kulipa dola za Australia milioni 440 mapema 2021. Seqwater ilikata rufaa. Tarehe 8 Septemba 2021 Mahakama ya Rufani iliiondolea hatia. Msingi wake, kwa lugha ya kazini, ni kwamba kutofuata Mwongozo peke yake hakutoshi kuthibitisha uzembe. Mdai alipaswa kuonyesha kwamba wahandisi, katika mazingira ya siku zile na kwa viwango vya taaluma yao, walishuka chini ya kile kinachotarajiwa kwa mhandisi stadi wa mafuriko, na hakufaulu. Aprili 2022 Mahakama ya Juu ya Australia ilikataa kusikiliza rufaa zaidi.

Matokeo yake ni kwamba nusu ya dhima ililipwa na nusu haikulipwa, kwa tukio lilelile. Sisemi waliolipa walikosea. Walitazama hukumu iliyokuwa dhidi yao na gharama za rufaa wakapima, na waathirika wakapata kitu baada ya muongo mzima. Lakini anayeandaa bima au akiba ya kesi ajue kwamba pengo kati ya hukumu ya kwanza na ya rufaa linaweza kuwa mamia ya mamilioni.

Kwa anayeendesha bwawa la milango

Hukumu ya rufaa isisomwe kama ruhusa ya kuupuuza mwongozo. Seqwater ilishinda baada ya miaka saba ya gharama na lawama. Mwongozo ulioandikwa sawasawa ungeweza kulimaliza jambo hilo kwa aya moja, kwa hiyo nitakaa hapo kwanza.

Andika wazi ni mvua gani inayochagua hatua. Kama ni iliyoanguka tu, sema hivyo, na ueleze kwa nini. Kama utabiri unaingia, taja ni upi, unatolewa na nani, wa saa ngapi mbele, na nini kifanyike makadirio mawili yakipingana. Njia ya kati inafaa zaidi kwa mabwawa mengi: hatua ichaguliwe kwa mvua iliyoanguka, lakini utabiri ukionyesha ziwa litavuka kiwango cha hatari, umwagaji upandishwe hadi kikomo kisichodhuru makazi, na usizidi hapo mpaka mvua yenyewe ianguke. Hapo mhandisi ana nafasi ya kutenda mapema, na hatari ya kufurisha watu kwa mvua isiyokuja ina mpaka unaojulikana. Mwongozo kisha ujaribiwe dhidi ya mafuriko ya zamani na ya kubuni, ukiwapa wahandisi utabiri wa siku ile bila kuwaonyesha kilichofuata.

Daftari la zamu lijazwe papo hapo kwa kila badiliko la mlango, na kila saa hata kama hakuna badiliko: saa, kiwango cha ziwa, namba ya uendeshaji wa modeli, kilele kinachotarajiwa bila utabiri na pamoja na utabiri, hatua inayotumika, sababu yake, na chaguo lililokataliwa. Sentensi mbili zinatosha. Anayetoka na anayeingia watie saini. Zamu ya mtu mmoja kwa saa 12 haiwezi kuendesha modeli, kujibu simu za halmashauri na kuandika sababu. Mpe msaidizi ambaye kazi yake pekee ni kuandika. Ripoti ya baada ya tukio itenganishe kilichoandikwa wakati ule na kilichofikiriwa baadaye, kwa safu tofauti au rangi tofauti, isimwachie msomaji kubahatisha.

Mikataba nayo iangaliwe kabla ya msimu wa mvua. Wahandisi wa waajiri watatu katika chumba kimoja maana yake ni mawakili wa pande tatu, bima tatu na maslahi yanayotofautiana siku ya kesi. Iandikwe nani ana amri ya mwisho, nani anamlipia mhandisi gharama za kisheria, na kwamba ulinzi huo unaendelea hata akihama kazi.

Mwisho ni madaraja. Mvutano wa tarehe 8 na 9 ulikuwepo kwa sababu madaraja ya chini yalizama kwa mtiririko ambao mji ungeubeba bila shida. Kuinua daraja moja au mawili, au kukubaliana mapema na wakazi kuhusu njia mbadala, chakula na wagonjwa barabara ikifungwa siku tatu, kunampa mwendeshaji mita za ujazo mia kadhaa kwa sekunde za kumwaga siku ya kwanza, saa ambazo bado hazigharimu nyumba ya mtu.